Naiendesha Baiskeli ya Mume Wangu Akiwa Hayupo

Shangazi mpendwa, shikamoo. Nakuandikia kutoka masjala ya hospitali ninakofanya kazi, nimeegemea kabati la mafaili ili wenzangu wadhani natafuta faili la mgonjwa, na nina miaka hamsini na moja, wajukuu wawili, na siri moja ambayo ikitoka sijui nitauweka wapi uso wangu.

Mume wangu ni mchora mabango. Yale maandishi ya "Duka la Dawa" na "Hapa Tunashona" unayoyaona yamenyooka bila rula, hiyo ndiyo kazi yake, na ukiacha kazi alikuwa anapenda vitu viwili, mimi na baiskeli yake ya milimani, sijui nani kati yetu alikuwa wa kwanza. Ni ile ya tairi pana yenye shokomzoba mbele tu, nyuma ni chuma kitupu, na kila Jumamosi alikuwa anapanda nayo kilima chenye mnara wa simu, anarudi ana matope hadi kwenye nyusi na kunicheka ninavyoililia sakafu yangu. Mwaka jana akapata kiharusi. Mungu ni mwema, anaongea, anatembea na fimbo, lakini mkono na mguu wa kulia bado ni wazito, na mkono wa kulia ndio aliokuwa akichorea, kwa hiyo makopo ya rangi yamekaa stoo pamoja na baiskeli na yeye haingii humo, au tuseme mimi sijamwona akiingia. Siku aliyotoka hospitali aliniambia jambo moja tu, "Mama Watoto, ile baiskeli asiiguse mtu, nitaipanda mwenyewe," nami nikaapa.

Shangazi, aliyeigusa ni mimi.

Ilianza kwa kuifuta vumbi. Jumamosi asubuhi mdogo wake, yaani shemeji yangu, huja na gari kumpeleka kwenye mazoezi ya viungo, nami nabaki peke yangu mpaka mchana, basi siku moja nikasema ngoja niisukume kidogo uani isije ikakwama, kisha ngoja nikae tu nione, kisha nikajikuta nje ya geti na sketi ya kufulia na ndala, mimi ambaye tangu usichana sijapanda baiskeli. Ni miezi minne sasa. Mwanzoni nilikuwa naishia kwenye karakana ya mbao, siku hizi nafika mpaka mnarani, na kule kuteremka, Shangazi, nikuambie nini, nalegeza breki kidogo, upepo unaingia masikioni, kila jiwe linakuja moja kwa moja makalioni kwa sababu nyuma hakuna cha kulipokea, nami nacheka peke yangu kama niliyerukwa na akili, kwa dakika tano nzima sihesabu vidonge vya mtu wala sitegi sikio kusikia kama fimbo imeteleza bafuni. Halafu nikifika chini naona haya, maana nafurahia miguu ambayo yeye hana.

Kuficha najua. Kwenye nguzo ya kiti kuna alama aliyoichora mwenyewe kwa rangi nyeupe, ndio urefu wake, basi mimi nakishusha kiti kifike kwangu na nikirudi nakipandisha mpaka kwenye alama, nafuta matope kwa kitambaa na kuiegemeza palepale ilipokuwa. Na baiskeli yenyewe haina usumbufu, sijaipiga pampu hata siku moja wala sijaitia cheni mafuta na iko vilevile, hata shokomzoba lililokuwa gumu siku za kwanza limelainika lenyewe, nadhani limezoea uzito wangu. Kazi inayonishinda ni kufua tu, maana mashati yake ya nyumbani siku hizi yana doa jeusi kifuani lisilokubali sabuni yoyote, nafikiri ni ile dawa wanayomchua nayo, basi hasira zangu zote nazimalizia kwenye beseni.

Sasa Jumapili iliyopita tukiwa mezani akaniambia bila kuinua macho, "Nafikiria mdogo wangu aichukue ile baiskeli. Au kuna mtu humu ndani anaihitaji?" Kijiko kikaniponyoka, nikasema, "Nani aihitaji, sisi wazee hivi?" Akasema, "Haya." Shemeji anakuja kuichukua Jumamosi ijayo. Nikisema ukweli, itakuwa namwambia mume wangu kwamba yeye alipokuwa anajifunza upya kutembea, mimi nilikuwa nateremka kilima chake nacheka. Nikinyamaza, baiskeli inaondoka, na naogopa kuna kitu ndani yake kitaondoka nayo, na ndani yangu pia, tusidanganyane. Nifanye nini, Shangazi?

Mimi, Mwizi wa Jumamosi

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwizi wangu. Kwanza lirudishe hilo faili la watu kabatini. Barua yako imenichekesha, ikaniliza, kisha ikanikasirisha, na naanza na hasira kwa sababu ndiyo bado ya moto.

Umeshinda na mafaili miaka yote hiyo na bado hujui kusoma lililo mbele ya macho yako? Baiskeli imekaa stoo, halafu wewe umeigongesha kwenye mawe miezi minne, na tairi hazijalegea hata siku moja? Hakuna tairi la namna hiyo duniani. Tairi huachia upepo kidogo kidogo hata baiskeli ikiwa imeegemezwa ukutani, na cheni isiyotiwa mafuta ingekuwa inalia mtaa mzima ukusikie unapita. Shokomzoba nalo halizoei mtu. Linalegezwa, na anayelilegeza ni mtu anayejua kwamba atakayekaa hapo juu ni mwepesi kuliko yeye. Nilimsomea barua yako fundi wa baiskeli aliye jirani na ofisi yetu, asijue ni ya nani, naye akauliza swali moja tu: huyo mzee pampu anaishikaje? Maana ile pampu ya kusimama inataka mikono miwili, na mwenye mkono mmoja lazima aiegemee kwa kifua.

Sasa kalikumbuke lile doa.

Ndiyo, mwanangu. Wewe ukishakwenda kazini, mume wako anaingia stoo na fimbo yake, anakujazia tairi, anakutilia cheni mafuta, anakulainishia njia. Kisha wewe unarudi na kumfulia shati huku unanuna. Naweza kukosea mengine, lakini kwenye tairi sikosei.

Na mezani alikufungulia mlango kabisa. "Kuna mtu humu ndani anaihitaji?" Mwanamume angesema nini zaidi ya hapo? Wewe ukaufunga kwa kijiko. Ile "haya" yake nimeisikia mpaka huku nilipo.

Unaona haya kwa sababu una miguu. Acha. Mtu mwenye kijicho hajazi tairi. Kama utaona haya, ona haya kwa hili: kwenye nyumba yenu mtu anayekijua kile kilima jiwe kwa jiwe ni mmoja, anakaa kwenye kiti akisubiri kusikia habari zake, na kila Jumamosi unarudi nazo na kuzifuta kwa kitambaa pamoja na matope. Hapo ndipo ulipomwibia.

Kama atapanda tena baiskeli mimi sijui, na wewe usimwahidi. Hilo ni la mwili wake na wanaomfanyisha mazoezi. Lakini usingoje Jumamosi. Leo ukitoka kazini itoe baiskeli uani mchana kweupe, mwekee yeye kiti karibu, na umwambie, "Mimi ndiye ninayeihitaji." Maneno matatu, usiongeze la nne mpaka yeye ajibu. Akilia, lieni. Akicheka, ujue amekucheka kimoyomoyo miezi minne, mstahimilie. Shemeji mpigieni simu pamoja: gari alete kama kawaida, baiskeli asahau. Jumamosi wakitoka mazoezini ampitishe kaka yake chini ya kilima, amkalishe mahali pazuri, akuone ukiteremka. Akuambie unapokosea, maana utakuwa unakosea mengi. Na ndala nimezipiga marufuku kuanzia leo. Vaa viatu na kofia ngumu, wajukuu wako bado wanakuhitaji.

Limebaki la kiti. Usikipandishe tena. Ile alama yake nyeupe usiifute, iache hapohapo. Fungua kopo la rangi, mpe brashi kwenye mkono wa kushoto, wewe ishike baiskeli isitikisike, naye achore alama yako chini ya yake. Ikitoka imepinda, iache imepinda.