Majani ya Mpakani

Jumatatu, 3 Septemba 1956
Nimepunguza tena ua wa mpakani. Maua yake ni mekundu na ya manjano, hapa Mbololo hakuna mwingine kama huo. Miche niliitoa Voi, kwa mzungu niliyekuwa namtunzia bustani. Kaka yangu Mwakio ananung'unika ati nimelimega shamba lake. Anung'unike. Nyasi zimekwisha. Ng'ombe wangu watatu wanatafuna chochote.

Alhamisi, 6 Septemba
Ng'ombe mweusi hali kitu. Macho ya manjano. Anakimbia jua.

Jumamosi, 8 Septemba
Mweusi amekufa. Yule mwekundu pua inambabuka kama amemwagiwa uji wa moto. Jana Mwakio alitangaza mbele ya watu kwamba ana hasira nami moyoni. Kwetu hasira ya ndugu huua mifugo. Hata sisi tuliobatizwa tunalijua hilo. Ni yeye. Namchukia.

Jumapili, 9 Septemba
Kanisani sikwenda. Mwekundu amekufa alfajiri. Nilimkuta Mwakio mtoni anachota maji. Nikampiga mdomoni kwa mpini wa jembe. Akaanguka, nikampiga tena. Na tena. Meno yalimtoka. Watu wanne ndio walionivuta. Nilifurahi. Naandika kweli tupu, nilifurahi.

Jumanne, 11 Septemba
Bwana mifugo alipanda kutoka Voi, akampasua mwekundu tumbo. Limejaa majani. Akayafikicha, akaninusisha. Harufu ya ua wangu!

"Sumu hii. Nani kaipanda?"

Mke wangu Wakesho akajibu, "Ni huyu hapa."

Ameamuru niung'oe ua mpaka mizizi, niuchome. Nikiukata tu, utachipua, na ndege wataeneza mbegu.

Mungu wangu. Mwakio hakufanya lolote.

Jumamosi, 15 Septemba
Siku nne nang'oa. Miba imenichana hadi viwikoni. Napasua mashina kwa shoka huku najitukana. Mshenzi! Mjinga! Ng'ombe wa tatu nimemfungia bandani, mbali na jua, kwani bwana mifugo alisema sumu hiyo huifanya ngozi iungue juani. Leo amekunywa maji.

Jumapili, 16 Septemba
Nilikwenda kwa Mwakio, nikapiga magoti. Wazee wakampa kibuyu cha maji ya kutasa. Aliyekosewa hujaza maji mdomoni, akayapuliza nje pamoja na hasira yake, ndipo ugomvi huisha.

Akajaza. Midomo haikufunga. Maji yakamtiririka kidevuni, yakalowesha shati. Akajaribu mara ya pili. Ya tatu.

Mzee mmoja akasema inatosha.

Mwakio akatikisa kichwa, akanyoosha mkono aongezewe maji.