Dada Habiba Anatembea

Wabera, Isiolo

Mama mpenzi,

Salaam aleikum. Natumai wewe na baba mko wazima huko Korbesa, na mvua imewafikia. Sisi tuko salama. Tafadhali barua hii akusomee binamu Darmi, si kaka Adan, maana kuna maneno hapa nayaandika nikiwa nimefunika karatasi kwa mkono.

Mama, mimba ya dada Habiba imeshika! Tumbo linaonekana hata akivaa buibui. Zile dawa za Nairobi zimefanya kazi, baada ya miaka yote ile ya kulia.

Shida ilikuwa kitanda. Mama mkwe wake alisema mimba iliyotafutwa hivyo haitikiswi, kwa hivyo dada akawa ni kulala tu, mpaka miguu ikavimba. Tulipoenda kliniki, daktari aliongea Kiingereza na mkalimani ni mimi, macho yangu chini. Akasema dada ni mzima, atembee kila asubuhi polepole, kutembea hakutaitoa mimba. Dada akaniuliza tena na tena kama nilisikia vizuri. Akaniambia, "Rukia, ikitoka watasema ni hii miguu yangu."

Tukaanza kwa kujiiba. Lakini hapa mtu hatembei bure, kila mlango wanauliza mnaenda wapi. Mimi kwa haya zangu nikabeba kibuyu kitupu cha maziwa tuonekane tuna kazi. Kumbe nimeharibu. Akina mama walipoona kibuyu wakatoka na vikombe vyao. Mmoja alitufuata mpaka karibu na msikiti akitaka maziwa ya chai, akaniita mchoyo.

Habari zikamfikia mama mkwe kwamba mke wa mwanawe, na tumbo lile, anachuuza maziwa barabarani. Alitungoja mlangoni. Nikajificha nyuma ya dada, si unanijua. Akasema kwao ni watu wa malori, hawajawahi kuwa na mchuuzi, na je, tunataka kumuua mjukuu wake?

Dada hakulia. Alichukua mkono wa yule mama akauweka tumboni.

"Mama, kila nikitoka kutembea nikitulia, anaanza kucheza. Msikie."

Mama mkwe akauacha mkono palepale. Halafu akamgombeza mtoto, "Wewe, polepole, huyo ni mama yako unampiga."

Sasa tunatoka naye. Anatangulia mbele na fimbo yake, na mtu akiuliza tunaenda wapi anamjibu, "Namtembeza mjukuu wangu." Dada anacheka njia nzima. Miguu imepungua uvimbe. Usiku analala vizuri, na mimi pia.

Kwa hivyo Mama, usije ukatuma neno kwamba alale. Anakuomba uje kabla hajajifungua.

Nisalimie baba, nyanya, na shangazi anayekusaidia kukamua. Na siku utakayofika, kama ni asubuhi na ukute nyumba imefungwa, usishtuke. Fuata tu njia ya soko la mifugo, utatuona tukija.

Ni mimi binti yako,
Rukia