Wasifu wa Baba Uliosomwa Mapema

Murera,
S.L.P. 318,
Ruiru.
14 Septemba 2025

Mpendwa ndugu yangu Muriithi,

Hujambo huko Doha, na joto lenu linaendeleaje? Bridget na watoto wako salama? Sisi huku tu wazima, Mungu ametutunza. Baridi imeisha, ng'ombe amezaa ndama jike, na Baba ana nguvu za kugombana na kila mtu, basi ujue ni mzima kabisa.

Najua utashangaa kupata barua ya kalamu wakati simu ipo. Sababu utaiona.

Unakumbuka Machi Baba alipolazwa Thika. Nilishikwa na hofu. Kwa kuwa mimi ndiye huandika wasifu wa kila anayefariki katika ukoo wetu, niliketi kwenye kompyuta ya nyumbani nikaandika wa Baba kabisa, nisije nikahangaika na machozi siku ya kuchapisha programu ya mazishi. Baba akapona. Wasifu nikausahau kwenye folda ya picha.

Mwezi uliopita binti yangu Lynn alihitimu chuo, na akina mama wa kanisa wakaomba picha. Niliwatumia linki ya folda nzima, nikajiona mjanja. Jumamosi asubuhi wanne wao wakafika na sukari, majani ya chai na nyuso za msiba. Aliyewafungulia lango ni Baba, panga la kukatia ng'ombe majani likiwa mkononi.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Baba aliwakaribisha vizuri, akaagiza chai ipikwe kwa sukari waliyoleta, kisha akawauliza ni nani amekufa. Mama Gerishon, mmoja wao, alitazama kikombe chake mpaka chai ikapoa.

Walipoondoka nilimwita Apiyo, mpangaji wetu anayefundisha kompyuta mjini Ruiru. Alifungua mipangilio, akatikisa kichwa. "Auntie, hii folda umeachia kila mtu ako na linki. Na kompyuta inapeleka vitu zako zote mtandaoni yenyewe, hata zile hukutaka." Akaizima linki, akaacha majina ya watu wa nyumbani tu, akazuia faili za faragha zisijinakili mtandaoni, na akanibadilishia nenosiri. Lile la zamani lilikuwa jina la ng'ombe, na usicheke. Sasa najua kukagua mwenyewe nani anaona nini, na moyo wangu umetulia.

Lakini Baba alikuwa ameketi nyuma yetu, na akataka asomewe alichoandikiwa. Niliogopa ataona kwamba tunangoja afe. Kumbe alifurahia. Alisahihisha mwaka aliobatizwa na kulalamika kwamba nimesahau miaka yake ya kwaya. Tukaenda vizuri hivyo hadi pale nilipoandika kwamba aliwaaga wanawe wote kwa baraka walipotoka nyumbani.

Akainua mkono nisiendelee. Kisha akasema, "Hiyo ni uongo. Muriithi sikumuaga."

Wewe na mimi tunajua. Ulipoacha ualimu ukaenda Doha, alijificha zizini makusudi mpaka gari likaondoka, na miaka sita sasa mnasalimiana kupitia kwangu. Imeniuma miaka yote hiyo. Niliandika vile kwa sababu wasifu huandikwa hivyo, na kwa sababu nilitamani iwe kweli. Nilimwambia Apiyo aufute huo mstari, lakini Baba akamzuia.

"Wacha ikae," akasema. "Hiyo nitairekebisha mimi."

Ndiyo maana unasoma mwandiko wangu mbaya. Amekataa maneno yake yapitie kompyuta tena, anasema akina mama wa kanisa wameshasoma ya kutosha.

Mkumbatie Bridget na watoto kwa niaba yangu. Lynn anakusalimu sana, na Apiyo pia, ingawa hamjaonana. Baraka ya kufunga barua hii si yangu. Baba ameitamka leo baada ya kanisa, akiwa amevaa koti lake zuri, mimi nimeandika tu:

"Muriithi mwanangu, nenda salama. Mungu akutangulie kazini na akurudishe kwangu nikiwa hai."

Dada yako anayekupenda daima,
Tabby