Jua Mgongoni, na Mheshimiwa Pia

Jumanne, 4 Machi

Bosi wangu Flashi kaniita nyuma ya pazia la studio. Nikajua leo nafukuzwa. Kumbe! Harusi ya Jumamosi naipiga mimi. Peke yangu! Ndogo tu — watu kumi na wawili, bustanini kwa mjomba wa bibi harusi. Yeye Flashi siku hiyo ana ya ukumbini, watu mia sita na mapambo kama duka la mapazia. Nikiiweza hii, harusi zote za bustani ni zangu. Nikivuruga, narudi kwenye picha za pasipoti. Miaka miwili nawaambia watu "usicheke, inua kidevu". Nimechoka na videvu vya watu!

Bibi harusi kaja na sharti moja. Hataki mtoto hata mmoja. Eti kwenye harusi ya dada yake kuna mtoto alilia viapo vyote, mwanzo mwisho. Nikatikisa kichwa kama mtu asiye na mtoto. Mheshimiwa wangu — miezi saba, meno mawili — yuko chini ya kaunta ndani ya kapu lake, ananyonya kidole cha mguu.

Alhamisi, 6 Machi

Wifi kakubali kukaa na Mheshimiwa. Kaapa kabisa.

Nimekwenda kuiona bustani. Pazuri jamani! Nyasi zimekatwa kama kichwa cha mwanajeshi, na upinde wa maua ya waridi. Nimerudi, Flashi kanisomesha upya: ukipiga nje, jua liwe mgongoni kwako.

"Sema."

"Jua mgongoni."

"Tena."

Utadhani nafundishwa sala.

Jumamosi, 8 Machi

Wifi!! Saa nane hayupo. Nampigia — yuko saluni, nusu ya kichwa imesukwa, nusu bado. "Nachelewa kidogo tu, wifi yangu." Kidogo ya msusi naijua, inaisha kesho. Baba Mheshimiwa naye yuko safarini na lori lake. Harusi ni saa kumi.

Basi. Nikamfunga Mheshimiwa mgongoni kwa mbeleko, juu nikavaa koti la babake. Joto hilo! Nikaenda.

Mjomba akanipokea. Akautazama mgongo wangu, akaniletea kiti. Akauliza kwa upole, mgongo umeanza lini? Nikasema miezi saba. "Pole sana, mwanangu. Na kazi unafanya!" Nikashukuru. Ningesema nini?

Viapo — Mheshimiwa kalala fofofo. Mungu wangu ni mzuri.

Ila bibi harusi! Kakakamaa kama kameza rula. Picha arobaini, tabasamu lile lile, kidevu juu. Wa kwangu wa pasipoti kabisa. Saa kumi na moja nikawasimamisha chini ya upinde, jua mgongoni kwangu kama nilivyofundishwa. Ghafla akacheka! Kicheko cha kweli, kichwa nyuma, mkono kifuani kwa mumewe. Nikabonyeza. Ndipo nikasikia upepo kiunoni. Koti limeachia, mguu wa Mheshimiwa uko nje, unapunga.

Sijui nani kaona.

Jumapili, 9 Machi

Nimekuja studio na Mheshimiwa tu, kuzichagua picha. Nimekaa mbele ya kompyuta.

Kivuli!

Jua mgongoni, sawa. Na mgongoni kuna nani? Hakunifundisha hilo, Flashi. Arobaini za mwanzo ni safi, nilipiga penye kivuli cha nyumba. Ya arobaini na moja, ile ya kicheko — kivuli changu kimetambaa nyasi zote mpaka kwenye pindo la gauni. Nundu kama ngamia. Na ubavuni kimguu, vidole vitano, unavihesabu.

Nikiikata, nakata na gauni. Nikiifuta, wanabaki na arobaini za kidevu.

Mara tatu nimeweka kidole kwenye kufuta. Mheshimiwa yuko sakafuni anatafuna kifuniko cha lenzi, ananicheka kwa meno yake mawili. Shule niliacha mapema, lakini picha nzuri naijua. Hii ndiyo harusi yao. Zile nyingine ni vitambulisho.

Nimeiacha. Nimeiweka ya mwisho.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika stoo, nimekalia katoni ya fremu, Mheshimiwa ananyonya.

Wamekuja asubuhi, bibi harusi na mumewe. Flashi kawaonyesha mwenyewe kwenye kompyuta. Moja, mbili, kumi. "Nzuri," anasema bibi harusi. "Nzuri." Kama anaonja dawa. Ikafika ya arobaini na moja. Akaweka kidole kwenye kioo, palepale kwenye kimguu.

"Hiki nini?"

Flashi akanigeukia. Sijawahi kuona macho yale. Na Mheshimiwa, toka huko chini ya kaunta, akapiga chafya.

Nikamnyakua nikakimbilia huku.

Nasikia ukutani. Flashi anaomba radhi, atakifuta kivuli, ana programu, hakitaonekana kabisa. Mume anacheka, anajaribu kuzuia. Sasa bibi harusi: "Hebu subiri kwanza. Hii mnaikuza mpaka saizi gani?"

Flashi, jibu basi!

Mheshimiwa kamaliza. Nimemfunga mgongoni. Koti nimeliacha msumarini. Kitasa hiki hapa —