Mkebe wa Kahawa Uliokutwa kwenye Valizi ya Yahaya

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha polisi, Bujumbura. Ijumaa, tarehe 14 Februari 2025, saa tatu na dakika kumi asubuhi.

Jina: Sikuzani Issa. Umri: miaka 51. Kazi: fundi wa kushona mapazia na mashuka. Makazi: Mutakura. Mjane.

Shahidi amekuja mwenyewe bila kuitwa. Kirundi anakijua vizuri na Kifaransa kidogo, lakini ameomba aandikwe kwa Kiswahili, kwa maneno yake "luga yenye sitajikwaa."

Nasema haya kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu, na sijapewa kitu na mtu.

Yahaya Hamimu, fundi magari, ambaye mmemshika tangu juzi, namjua kwa zaidi ya miaka ishirini. Alifanya kazi gereji moja na marehemu mume wangu. Namwita shemeji, ingawa hatuna undugu wa damu. Hakunituma kuja hapa. Hajui kama niko hapa.

Mnamo tarehe 20 Januari mwaka huu nilisafiri kwenda Maskati kumtembelea mdogo wangu aliyeolewa huko. Nilimwacha binti yangu Yasmina nyumbani kwangu akiwa mjamzito, na tulihesabu kwamba nitarudi kabla ya siku yake. Tulihesabu vibaya. Alijifungua mtoto wa kike tarehe 3 Februari, mimi nikiwa bado ugenini, na mume wake ni dereva wa lori, alikuwa njia ya Kigoma. Nilipopigiwa simu nililia, kisha nikamwambia mdogo wangu tutafute dawa za mzazi. Tulinunua uwatu wa kuongeza maziwa na zaatari, yaani majani makavu ya kijani ambayo huchemshwa kama chai ili tumbo la mzazi lipoe. Kahawa ilikuwa zawadi ya mdogo wangu, kilo mbili, imesagwa na iliki. Nilimwambia kwetu kahawa inaota mpaka nyuma ya vyoo. Akasema ya kwenu mnauza, hii ni ya kunywa. Nikaichukua.

Majani niliyafunga kwenye mifuko miwili ya plastiki, nikaifukia katikati ya kahawa ndani ya mkebe mkubwa wa maziwa ya unga, nikafunga kifuniko kwa utepe wa gundi. Najua, afisa, hapo umeinua kichwa. Naomba uandike kwamba sikuwa naficha. Kwetu dawa ya mzazi husafiri ndani ya kahawa, ili wadudu wasiingie na harufu yake isishike nguo za mtoto. Mama yangu alifanya hivyo akitoka Kigoma, na bibi yangu kabla yake. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba wauza bangi nao hufukia vitu vyao kwenye kahawa ili mbwa wa polisi wasivinuse. Hilo nimelijua leo asubuhi.

Jumatano tarehe 12 Februari, saa kumi na mbili asubuhi kwa saa za Maskati, nilikuwa kwenye foleni ya kupima mizigo. Nikamkuta Yahaya. Alikuwa ametoka kumwona mwanawe Faridi, anayeendesha magari huko. Mizigo yangu ilizidi kilo mbili. Nilianza kufungua valizi pale chini mbele za watu, nikitafuta cha kuacha. Yahaya alikuwa na valizi moja tu na nusu yake ni hewa, maana wanaume wakisafiri hurudi na mswaki wao tu. Akaniambia, "Shemeji, leta ule mukebe. Valizi yangu aina kitu ndani. Mi nitaufikisha."

Nikamuuliza kama haoni tabu.

Akasema, "Tabu gani? We ni mugeni?"

Nikamwambia ni kahawa. Habari ya majani sikumwambia. Sikuona haja, lakini ilikuwa haki yake kujua, na kosa hilo ni langu.

Tulitua Bujumbura saa tisa na nusu mchana. Kwenye meza ya forodha mimi nilikuwa mbele ya Yahaya kwa watu watatu. Mizigo yangu ilipekuliwa ikaisha bila neno, nikaipakia kwenye toroli. Nyuma yangu nikasikia wanamuuliza Yahaya habari ya mkebe. Aliyekuwa anapekua ni dada mmoja wa forodha, jina kifuani Caritas. Alikuwa na adabu, sina malalamiko juu yake.

Alimuuliza, "Muzee, iyi ni nini?"

"Kahawa, mwanangu."

"Kahawa? Kahawa inatoka apa kwetu Kayanza, we unaileta kutoka jangwani?"

Watu kwenye foleni walicheka. Yahaya naye alicheka. Mimi nilisimama kumsubiri. Kisha yule dada akabandua utepe, akachoma ndani kwa kijiti cha chuma, na kijiti kikakwama. Akaingiza mkono na kutoa mfuko mmoja wa majani. Kicheko kilikatika.

"Na aya majani, muzee? Ni ya nani?"

Yahaya aliyatazama kama mtu anayeyaona kwa mara ya kwanza, na ndivyo ilivyokuwa. Kisha akainua macho, tukaonana. Palikuwa na hatua kama kumi kati yetu. Nilikuwa nimeshika toroli. Haraka sana akageuza uso upande wa ukuta, nadhani ili yule dada asifuate macho yake mpaka kwangu. Akasema, "Ni muzigo wangu."

Nilisukuma toroli, nikatoka nje. Nilipofika mlangoni nilimsikia dada wa forodha akiita askari. Sikugeuka. Dereva wa teksi aliniuliza kama kuna mtu mwingine tunamsubiri. Nikasema apana, twende.

Nitasema nilichofikiri ndani ya teksi, na si kwa kujitetea. Nilifikiri kwamba binti yangu ana siku tisa tangu ajifungue, na nikishikwa mimi hakuna wa kumkanda maji moto. Nilifikiri kwamba Yahaya ni mtu mzima, anajulikana mjini, watamwuliza mawili matatu na kumwachia. Hayo yote niliyafikiri baadaye. Pale mezani sikufikiri kitu. Niliogopa, miguu ikatembea.

Siku hiyo nilimsubiri mpaka baada ya magharibi aje na mkebe na kunigombeza. Hakuja.

Jana, Alhamisi, saa nne asubuhi, mke wake, Mama Faridi, alikuja nyumbani kwangu kumwona mtoto. Alileta sabuni na kanga. Akaniuliza, "Mulikuwa ndege moja na Baba Faridi? Wamenipigia telefone, wanasema amefungwa, sielewi." Nikamwambia tulikuwa ndege moja lakini sikuona lolote. Ulikuwa uongo, tena nilimdanganya huku amempakata mjukuu wangu. Akashukuru, akaenda.

Leo saa moja asubuhi alirudi, akitoka hapa kituoni kumletea mume wake uji. Alikuwa hoi. Alisema majani yamepelekwa kupimwa na majibu hayajulikani ni lini, lakini Jumatatu faili linakwenda kwa mwendesha mashtaka, na kutoka hapo ni gereza. Akasema, "Anakubali mukebe ni yake. Kahawa! Ule mwanaume ana vidonda vya tumbo, miaka kumi na mbili ajaonja kahawa mu nyumba yangu. Sikuzani, anamuficha nani?"

Nilimpa Yasmina mtoto. Nikasema, "Mama Faridi, ule mukebe ni wangu. Alinibebea. Nilimuona wanamushika, nikatoka."

Nilikuwa nataka anitukane, nafsi yangu ingepata nafuu. Alisema tu, "Vaa viatu." Tukapanda pikipiki mbili, tukaja. Yuko nje kwenye benchi.

Kwa swali lako, kama majani hayo ni bangi, jibu ni hapana. Nimesema niko tayari kuyachemsha hapa na kunywa birika zima mbele yako. Umesema sheria hairuhusu. Sawa. Kwa swali kama nina cheti cha mimea kutoka huko nilikoyanunua, sina, na sikujua kama majani ya chai ya mzazi yanahitaji karatasi. Kama hilo ni kosa, liandikwe kwa jina langu.

Kwa swali lako, kwa nini mtu akubali gereza kwa ajili ya mzigo usio wake: alipokea amana. Sisi Waislamu wa zamani wa mji huu tumelelewa hivyo, kwamba ukibebeshwa kitu njiani unakijibia kama chako mpaka ukitie mkononi mwa mwenyewe. Ukisema "ni cha fulani" kabla hujakifikisha, umekitupa, na mwenyewe umemtupa pia. Wengi siku hizi wameacha, wanasema dunia imeharibika, na siwalaumu. Yahaya hajaacha. Mimi nilikuwa najua hajaacha wakati nikisukuma toroli, na ndiyo maana siwezi kula tangu juzi.

Sina la kuongeza wala la kupunguza. Nimesomewa polepole mara mbili, na maneno ni yangu.

(Sahihi) Sikuzani Issa

MAELEZO YA AFISA. Yaliyo hapo juu yameandikwa na mimi, Inspekta Maxime Barutwanayo. Nilimfahamisha shahidi kwamba kwa maneno haya anaweza kugeuka mshukiwa. Alijibu kwamba aliliwaza hilo juu ya pikipiki.

Saa tano kasoro dakika kumi nilimleta Yahaya Hamimu mbele yake ili wasikilizane. Nilimsomea maelezo yote. Nikamuuliza mkebe ni wa nani. Alijibu kama alivyojibu siku zote mbili: "Ni wangu." Nilimweleza kwamba mwenyewe amejitokeza. Akarudia: "Ni wangu, afande."

Shahidi aliomba ruhusa kuugusa mkebe, uliokuwa mezani pangu ukiwa na muhuri wa kielelezo. Niliruhusu, kwa sharti asiufungue. Aliuvuta mpaka kifuani, akaushika kwa mikono miwili. Alikuwa analia. Akasema, "Shemeji, amana yangu nimeipokea."

Yahaya alimuuliza, "Yote?"

Akajibu, "Yote. Umefikisha."

Ndipo Yahaya akanigeukia, akasema, "Sasa andika, afande. Si yangu."

Nimeandika saa tano na dakika mbili. Yahaya Hamimu ameachiwa saa sita na robo. Shahidi amebaki.