Chupa ya Dirishani

3 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila goti. Kwa heshima na taadhima nakutangazia kwamba kuanzia jana mimi, mfua nguo wa nyumba hii, ndiye Mkuu wa Mvinyo Mwekundu wa Kifaransa. Tajiri atakuwa na wageni mwanzoni mwa mwezi ujao, nami nilipoomba kazi nilijigamba kwamba naujua mvinyo. Sijawahi hata kuunusa. Anasema nikichagua chupa nzuri atanitolea pasipoti yangu kwenye droo yake, nije nimwone mama. Wewe uliyehudumia hotelini miaka ishirini, niokoe.

Mdogo wako

17 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo, ila macho ya mama yanazidi kufifia. Barua zako bado anazisoma mwenyewe, karatasi ikigusa pua. Anataka akuone kabla hayajazimika.

Sasa sikiliza. Usidanganywe na picha ya kasri kwenye lebo. Kasri la karatasi kila mtu anaweza kulijenga. Tafuta palipoandikwa kwamba mvinyo umetiwa chupani hukohuko shambani. Kama kuna nyama nzito, chukua chupa ya Bordo, mkoa wa mvinyo huko Ufaransa, ya miaka mitano hivi. Ya bei ya kutisha waachie wanaojionyesha. Iliyosimama dirishani mwa duka ikipigwa jua, hata ukipewa bure iache. Fungua saa moja kabla, halafu kaa kimya kama mtu anayejua.

Dada yako

6 Aprili

Dada,

Shikamoo. Dukani nilipelekwa na mlinzi, akanisubiri mlangoni. Nilifuata yote, hasa kimya. Wageni walisifu mpaka nikaitwa nipigiwe makofi. Asubuhi nikaenda kudai pasipoti.

"Mtu kama wewe namwachiaje?" tajiri akasema. "Mwezi ujao wanakuja wakubwa zaidi."

Akafunga droo, ufunguo mfukoni.

Mdogo wako

22 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama sasa anapapasa ukuta akienda jikoni. Basi haribu. Chukua ile ya dirishani, yenye kasri kubwa kuliko zote. Wakiutema atakufukuza urudi nyumbani, na huwezi kusafiri bila pasipoti.

Dada yako

19 Mei

Dada,

Shikamoo. Niliipata: lebo imepauka, kasri lina minara saba. Nilionja tone, ni siki iliyovaa suti. Mgeni mkubwa akazungusha glasi, akafumba macho, akasema huu ndio wenyewe, ule wa kwanza ulikuwa wa watoto. Nani angembishia? Wote wakaomba kuongezewa. Tajiri amenipandisha cheo. Nina funguo zote za nyumba, isipokuwa wa droo.

Mpe mama aisome hii, atacheka.

Mdogo wako

11 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama alicheka sana. Nilimsomea mimi.

Dada yako