Mshale Wenye Alama ya Kutoa

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama naye shikamoo, na wewe Neema, mdogo wangu, hujambo? Natumaini bwawa la Hombolo lina maji na zabibu zinaendelea vizuri. Mimi ni mzima wa mwili, ila tangu jana sili wala sisomi kwa hofu.

Barua ya Mama ilifika jana. Anasema vidonge vya kifafa vya Neema vimebaki vya wiki mbili, nawe umekataa kwenda mjini kuchukua vingine. Kumbe uliwasomea majirani barua yangu baada ya ibada, ukawaonyesha ile picha ya ubongo yenye mishale uliyoibandika ukutani, ukasema, "Mwanangu mwenyewe ameandika. Njia ya kichwani mwa Neema ni hasi, imekufa. Vidonge vya nini tena?"

Baba, kosa ni langu. Huku chuoni tunamlaza mtu ndani ya mashine, tunamsomea maneno, tunatazama sehemu zipi za ubongo zinaamka. Kisha kompyuta inakadiria sehemu moja inaisukuma nyingine kwa nguvu kiasi gani, na kila njia inaichora kama mshale wenye namba. Ikiiamsha, namba ni chanya. Ikiituliza, namba ni hasi. Njia iliyokufa ingekuwa karibu na sifuri. Unakumbuka tulivyokuwa tukipiga kelele wakati wa kula, ukatutupia jicho tu tukanyamaza? Hasi ni jicho hilo.

Na hata hayo ni makadirio. Juzi nilijigamba kwa mwalimu wangu kuhusu mshale huohuo. Akaniambia, "Ondoa huu wa jirani yake, upige hesabu upya." Nikaondoa, na hasi ikawa chanya. Niliona aibu! Namba ya namna hiyo haiwezi kumwachisha mtu dawa.

Nimepiga simu dukani kwa mjomba, kule Ipagala, mara nne, inaita tu. Ndiyo maana barua hii anakuletea Salma, binti wa Kondoa ninayesoma naye. Kama vidonge bado vipo, Neema asiruke hata kimoja, na mfuate vingine mjini. Kama vimeisha, mpelekeni hospitali leo hii, daktari aseme aanze vipi. Salma nimemwomba asiondoke hapo mpaka amewaona mnatoka. Msamehe, nimemtuma mimi.

Sasa niseme lililonikaba. Pembeni mwa picha ile niliandika jina la Neema. Nilitaka uone kwamba sijamsahau, kwamba safari yangu ina faida kwenu. Neema hajawahi kupimwa na mashine yetu, Baba. Siku ile alikosekana mtu wa kupimwa, nikalala mimi. Ubongo uliowaonyesha majirani ni wangu, na mshale ule ni wangu.

Nisalimie bibi mzaa mama, na mjomba akifika. Mama asilie, amfungashie Neema nguo za hospitali.

Futa jina lake ukutani, Baba, uandike langu.

Mwanao,
Elia